Uso Uwe Mzito Kuliko Vyote: Kusawazisha Picha za Watu Mtaani kwa Nyeusi na Nyeupe

Rangi ikiondoka kwenye picha, kinachobaki cha kumtenga mtu na kilicho nyuma yake ni tofauti ya mwanga na giza. Shati jekundu mbele ya ukuta wa kijani huvuta jicho papo hapo. Igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe na huenda shati na ukuta vikawa kijivu kimoja, mtu akabaki kichwa na mikono tu. Hesabu inaeleza kwa nini. Katika ukokotoaji uliozoeleka wa kugeuza rangi kuwa kijivu, kijani huchangia takriban asilimia 59 ya ung'avu, nyekundu 30 na buluu 11. Chukua nyekundu iliyokolea, yenye nyekundu 200, kijani 30 na buluu 30. Chukua na kijani yenye nyekundu 20, kijani 120 na buluu 40. Kwa macho rangi hizo hazifanani hata kidogo, lakini zote mbili huangukia kijivu cha 81 hivi kwenye kipimo cha 0 hadi 255.

Ndiyo maana anayepiga picha za watu mtaani kwa nyeusi na nyeupe hana budi kujifunza kupima uzito. Kila doa la mwanga, kila giza na kila mstari ulio ndani ya fremu huvuta jicho kwa nguvu yake. Picha ya mtu hutulia pale uso unapokuwa kitu kizito kuliko vyote, na vilivyobaki vikausaidia, au vikashindana nao kwa kiasi ulichokikubali wewe mwenyewe. Karibu kazi yote hiyo hufanywa kwa miguu, kabla kidole hakijagusa kitufe.

Hatua ya 1: Ifanye kamera ikuonyeshe kijivu

Weka kamera kwenye hali ya nyeusi na nyeupe, lakini hifadhi faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Kioo kitakuonyesha kijivu wakati unapiga, na faili itabaki na rangi zote utakazozihitaji baadaye wakati wa kuhariri. Simu nyingi nazo zina kichujio cha nyeusi na nyeupe kinachoonekana moja kwa moja kwenye kioo. Kiwashe kabla ya kupiga, usisubiri baadaye.

Kwa mipangilio, anza na tundu la lenzi la f/5.6 au f/8, kasi ya 1/250 ya sekunde, na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) iachwe ijipange yenyewe. Hapo mtu anayetikisika kidogo hatatoka na ukungu, na nyuma yake patasomeka bila kumeza sura yake. Lenzi ya milimita 35 au 50 inatosha. Ya 85 nayo ni nzuri kwa uso, ila inakusogeza mbali, na mazungumzo yanakuwa magumu. Ukitumia lenzi pana usimkaribie mno: pua na paji la uso hukua, masikio hurudi nyuma. Kinachobadilisha sura hapo ni umbali wako. Lenzi pana inakushawishi tu usogee. Simama kama mita moja na nusu au mbili, uso utabaki na umbo lake.

Hatua ya 2: Tafuta pa kumweka kabla ya kumtafuta mtu

Wanaoanza huona sura inayovutia, wakapiga, kisha wakagundua kwamba nguzo inaota kichwani mwa mtu. Mimi nashauri kinyume chake. Tafuta mahali kwanza: ukuta wenye kivuli, mlango ulio wazi na giza ndani, ukingo wa paa ambapo kivuli na jua vinakutana. Pajue vizuri, kisha angalia nani anapita, anasimama au anafanya kazi hapo.

Unapopachunguza mahali hapo, jiulize kichwa cha mtu kitaangukia wapi na pana kijivu gani. Nywele nyeusi mbele ya mlango wenye giza hupotea, na kichwa kinaonekana kimekatwa juu ya paji la uso. Mzee mwenye mvi katika sehemu hiyohiyo atasimama wazi kabisa. Kama mahali ni pa giza na nywele ni nyeusi, unahitaji mwanga kidogo unaotoka nyuma au pembeni ukapiga mabega na kichwa, hata kama ni mstari mwembamba tu. Mwanga huo usipokuwepo, hama.

Mistari inadai uangalifu zaidi kuliko watu wanavyoipa. Mstari wa mlalo unaopita usawa wa shingo hukata kichwa. Ukipita usawa wa macho, unaivuta picha nzima pembeni, jicho la mtazamaji likatoka nalo. Dawa ni kubadili urefu wa kamera: piga magoti kidogo na mstari utashuka hadi kifuani, inuka nao utapanda juu ya kichwa. Mistari ya wima unaishinda kwa kusogea kando. Kwa kuwa mtu yuko karibu nawe na ukuta uko mbali, hatua moja ndogo ya kushoto au kulia inatosha kuhamisha kichwa chake kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kipande cha ukuta kilicho tupu. Nadhani hii ndiyo tabia moja yenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii: kuipa miguu nafasi ya kujaribu, kushoto na kulia, juu na chini, huku macho yakikitazama kichwa cha mtu na kile kinachokigusa.

Jihadhari na anga. Ukishuka chini sana ili kichwa kiwe peke yake, mara nyingi unakiweka mbele ya mbingu nyeupe, na weupe huo unakuwa mzito kuliko uso.

Hatua ya 3: Omba ruhusa, na uitumie

Picha ya sura ya mtu ni makubaliano. Msalimie, mweleze unachokiona: "Mwanga hapo ulipo unakupendeza. Naomba nikupige picha." Akikataa, mshukuru uende zako. Kama ni mtoto, muulize mzazi au mlezi aliye naye.

Mbali na heshima, ruhusa inakupa muda, na muda ndio unaokuwezesha kupanga. Mtu aliyekubali unaweza kumwomba asogee mbele nusu hatua, au ageuze bega. Omba jambo moja kwa wakati mmoja. Ukimpa maelekezo matano mfululizo, uso wake utakuwa umekaza kabla hujapiga. Na ni vyema zaidi usogee wewe kuliko kumsogeza yeye.

Hatua ya 4: Pima uzito

Finya macho hadi maelezo madogo yapotee na ubaki na mabaka ya mwanga na giza. Baka gani linakuita kwanza? Kama si uso, bado hujamaliza kupanga.

Vitu vinavyokuwa vizito katika picha ya kijivu vinajulikana. Cha kwanza ni pale weupe na weusi mkali vinapogusana: kola nyeupe juu ya koti jeusi huvuta zaidi ya ukuta mweupe mzima ulio peke yake. Kisha kuna macho na mikono; ubongo wa binadamu hutafuta sura popote pale, kwa hiyo hata uso mdogo wa mpita njia kule nyuma unaweza kumwibia mtu wako nusu ya picha. Maandishi ni mazito kupita kiasi, kwa kuwa anayejua kusoma hawezi kuacha kusoma. Bango lenye herufi kubwa nyuma ya mtu litasomwa kabla ya yeye kutazamwa, basi ama lifiche nyuma ya mwili wake, ama liwe limechaguliwa kwa makusudi. Kitu kilichojitenga peke yake mahali patupu nacho hupata uzito, hata kikiwa kidogo.

Umbali kutoka katikati ya fremu nao una nguvu yake. Kama kwenye mzani wa mkono mrefu, kitu kidogo kilicho mbali na katikati kinaweza kukiinua kikubwa kilicho karibu nayo. Tuseme umemweka mtu kushoto, mwili wake mkubwa na mweusi umejaza theluthi ya fremu. Kulia pametoka patupu na picha inaonekana kuangukia upande mmoja. Huhitaji mtu wa pili kulia. Gurudumu la baiskeli lililoegemea ukuta, kivuli cha dirisha, au ndoo moja iliyopigwa na jua karibu na ukingo vinatosha kurudisha usawa, mradi visiwe vikali kuliko uso.

Mtazamo nao unahesabika. Mtu akitazama kulia, macho yake yanakuwa kama mstari usioonekana unaosukuma upande huo, na nafasi tupu iliyo mbele yake haiwi tupu tena. Ndiyo sababu tunaacha nafasi zaidi upande anaotazama. Ukimbana, uso wake ukigusa ukingo na utupu ukawa nyuma ya kisogo, picha inakuwa na wasiwasi. Huo wasiwasi unaweza kukufaa kama ndio ulioukusudia.

Kuhusu kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa fremu sehemu tatu kwa mistari na kumweka mtu kwenye mstari badala ya katikati, nina msimamo wangu. Inamfaa anayeanza, kwa sababu inamzuia kuweka kila kichwa katikati ya fremu huku nusu ya juu ikibaki anga. Lakini kwa picha ya mtu anayekutazama usoni, katikati mara nyingi ndipo mahali pake. Mwaka 1942 mpiga picha Mmarekani Gordon Parks alimpiga picha Ella Watson, mfanyakazi wa usafi katika jengo la serikali mjini Washington. Mama huyo amesimama katikati, ufagio upande mmoja, kideki upande wa pili, na bendera kubwa ya Marekani imening'inia nyuma yake. Picha hiyo ilipigwa ndani ya jengo, lakini inamfundisha mpiga picha wa mtaani kuliko michoro mingi ya gridi. Milia na nyota za bendera zingeweza kummeza mtu yeyote. Zana mbili za kazi zimesimama kama miimo ya mlango, zinalifunga jicho kati yake, na kilicho kati yake ni uso.

Kuna pia uzito unaotokana na utulivu, na huu husahaulika. Mpiga picha wa Mali Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kupiga picha nyingi uani kwa mwanga wa asili, aliwaweka watu waliovaa nguo zenye maua mbele ya vitambaa vyenye maua pia. Kwa nadharia ya kawaida hiyo ni fujo. Lakini tazama: katika michoro yote hiyo, uso na mikono ndizo sehemu pekee zenye kijivu laini kisichokatwakatwa, na jicho likichoshwa na michoro hukimbilia hapo. Ukikutana mtaani na mtu aliyevaa kitenge chenye michoro mikali, usikimbilie kumtafutia ukuta mtupu. Jaribu kwanza kumpiga mbele ya uzio wa nondo, rafu zilizojaa bidhaa au ukuta wa matofali, ukihakikisha mwanga wa usoni ni mpole na hauna mabaka.

Hatua ya 5: Uangalie mwanga usoni peke yake

Jua la saa sita huchimba mashimo meusi machoni na kuacha doa jeupe puani. Mvute mtu hadi ndani kidogo ya kivuli, kisha ageukie nje, kule kwenye barabara yenye jua. Barabara yote inageuka kuwa chanzo kikubwa cha mwanga mpole. Akigeuza uso kidogo pembeni, upande mmoja unabaki angavu na wa pili unaingia kwenye kijivu kizito, na hapo ndipo umbo la sura linapoanza kuonekana. Hakikisha kila jicho lina nukta ndogo ya mwanga. Nukta hiyo ni ndogo sana, lakini kwa uzito hakuna kinachoifikia katika uso wote.

Sasa upimaji. Kamera haijui inatazama nini. Hujaribu kuusogeza wastani wa kile inachokiona uwe kijivu cha kati, kinachotajwa kwa kawaida kuwa ni kitu kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukazama kwenye giza bila maelezo. Tumia kitufe cha alama za kujumlisha na kutoa, ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), tazama, ongeza tena kama inabidi. Mtu huyohuyo akiwa mbele ya mlango wenye giza, kamera hufanya kinyume: inaongeza mwanga hadi ngozi ikapauka na mlango ukawa kijivu cha vumbi. Hapo punguza.

Naomba hili lizingatiwe kwa uzito: ngozi nyeusi haihitaji kupandishwa hadi kijivu cha kati ili "ionekane". Wanaofanya hivyo wanamfuta mtu rangi yake. Umbo la uso mweusi husomeka kwa mng'ao, yaani zile sehemu za paji la uso, mifupa ya mashavu, pua na kidevu zinazoakisi mwanga. Chanzo kikubwa cha mwanga kilicho pembeni, kama vile dirisha pana au ukuta mweupe uliopigwa na jua, hutoa mng'ao mpana na laini unaozunguka uso. Jua kali hutoa nukta ndogo kali zinazofanana na jasho. Basi pima mng'ao huo usiungue, acha ngozi iwe nyeusi na yenye maelezo, kisha chagua nyuma yake pawe angavu zaidi ya ngozi, au peusi kabisa kuliko ngozi. Pakiwa sawa na ngozi, uso unapotea. Kwa ngozi nyeupe tatizo hugeuka: hukaa juu ya kijivu cha kati kama stopu moja, na mara nyingi hupotelea kwenye kuta zilizopakwa chokaa.

Hatua ya 6: Zunguka kingo nne

Kabla ya kubonyeza, acha kumtazama mtu kwa sekunde moja. Peleka jicho kwenye ukingo wa juu wa fremu, ukingo wa kulia, wa chini, wa kushoto. Unatafuta pembe nyeupe, nusu ya mpita njia, mfuko wa plastiki uliopigwa na jua, kipande cha gari. Ung'avu ulio kwenye pembe humtoa mtazamaji nje ya picha.

Angalia na mahali unapoukata mwili. Usikate kwenye viungo: kifundo cha mkono, kiwiko, goti, kifundo cha mguu. Kata katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu. Mikono ikiwa inafanya kazi, iingize yote. Mkono wenye mwanga sawa na wa usoni unakuwa kituo cha pili cha jicho, na njia kati ya uso na mkono mara nyingi ndiyo inayoisimamisha picha nzima.

Hatua ya 7: Piga zaidi ya moja

Badilisha kitu kimoja tu kati ya picha na picha: urefu wa kamera, au umbali, au hatua ya kando. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Picha ya kwanza mara nyingi hubeba ule uso wa "napigwa picha". Endelea kuzungumza naye na umwache arudi kwenye shughuli yake. Uso unalegea, na wewe tayari umeshasimama mahali panapofaa.

Hatua ya 8: Kugeuza na kuhariri

Hapa ndipo zile rangi ulizozihifadhi kwenye RAW zinapofanya kazi. Programu nyingi za kuhariri hukuruhusu kung'arisha au kutia giza kila rangi peke yake baada ya picha kuwa ya kijivu. Lile shati jekundu na ule ukuta wa kijani unaweza kuvitenganisha kwa kushusha kijani na kuacha nyekundu ilipo. Lakini kumbuka kwamba ngozi ya mtu yeyote hukaa kwenye nyekundu na rangi ya machungwa. Ukizipandisha sana, midomo inapauka hadi kupotea na ngozi inakuwa kama plastiki. Ukizishusha, kila chunusi na mshipa vinajitokeza. Wapiga picha wa filamu walijua jambo hilihili kwa vichujio vya kioo: kile chekundu hung'arisha ngozi na kutia giza anga la buluu, kile cha kijani hutia giza midomo na kuipa ngozi uzito.

Baada ya hapo, rekebisha kwa brashi ndogo. Tia giza ile pembe angavu uliyoshindwa kuikwepa, robo au nusu ya stopu. Ng'arisha uso kiasi hichohicho, si zaidi. Sipendi ile duara nyeusi inayozungushwa kingo zote nne kwa mbofyo mmoja. Inaonekana kama kifuniko, na mtazamaji anahisi ameelekezwa kwa nguvu. Kukata picha pia kuwe kwa kiasi. Ukikata kidogo ukingoni unasafisha, lakini ukilazimika kukata nusu ya picha, tatizo lilikuwa pale uliposimama, na dawa yake ni kusogea zaidi siku nyingine.

Mwisho fanya majaribio mawili. Pindua picha juu chini. Uso ukiwa umepinduliwa, ubongo huacha kumtazama mtu na kuanza kuona mabaka, na upande uliozidi uzito utaonekana mara moja. Kisha ipunguze iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kama bado unaona uso uko wapi na unaelekea wapi, mpangilio umesimama. Kama unachokiona kwanza ni bango au anga, rudi kwenye brashi, au chagua picha nyingine katika zile ulizopiga mahali hapohapo.

Ikiwa utaichapa kwenye karatasi, chapa kipande kidogo cha majaribio kabla ya picha nzima. Karatasi haiwaki kama kioo cha kompyuta, na giza lililosomeka vizuri kwenye kioo mara nyingi huziba kabisa likichapwa. Pandisha vivuli kidogo, kitazame kile kipande chini ya taa ya mahali picha itakapotundikwa, ndipo uchape ya mwisho.